Ijumaa Iliyokula Siku Nyingine

Kabiria,
14 Oktoba 2005

Mwanangu mpendwa Wairimu,

Nimekaa mezani jikoni, upande wako, kwa sababu upande wangu jua la jioni linanipiga machoni. Ni miezi minne tangu tukuzike. Sikukuandikia mapema kwa kuwa nilitaka kwanza kazi yako iishe, ndipo niwe na la kukuambia.

Unaikumbuka ile Ijumaa uliyokuja na bahasha ya kaki? Ulikuwa umetoka kazini mjini, viatu mkononi kwa ajili ya matope ya hapa kwetu. Ulizitandaza karatasi mezani kabla hata ya kunisalimia.

"Mum, kuja uone maajabu. Ijumaa imekula siku zingine."

Ilikuwa ratiba ya shule fulani, mliyokuwa mkiitengenezea ukurasa wa mtandao pale ofisini kwenu. Kichwa chake kilikuwa kirefu, kimelala juu ya siku zote tano. Chini yake, Jumatatu hadi Alhamisi zilikuwa zimebanwa mpaka herufi zinagusana, na Ijumaa peke yake imevimba, imejaa nafasi tupu. Ukanieleza kwamba kosa halikuwa lako. Lilikuwa ndani ya kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Tena kivinjari hicho hakikuwa mali ya kampuni moja. Kilitengenezwa na watu wengi wa kujitolea, kila mmoja kwao, na yeyote aliyeona kosa aliruhusiwa kulitafuta na kulirekebisha.

"Hata wewe?" nikakuuliza.

"Hata mimi, mathe. Hata wewe."

Tulicheka sana. Mimi, niliyejua taipureta tu!

Kuanzia hapo kila Ijumaa ulikuja na karatasi mpya. Nyumbani hatukuwa na kompyuta, kwa hiyo ulichapa ofisini yale maandishi ya ndani ya programu ukayasoma hapa kwa penseli, kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Nami nilipokuletea chai nilichungulia na kukusahihisha. "Hapa wameruka herufi." Ukanijibu, "Mum, hiyo wameandika hivyo makusudi. Wacha kuwamarkia."

Siku moja ulichoka, ukaitupa penseli. Ukaniuliza, kama mtu anayetaka tu kubadilisha mazungumzo, nilikuwa ninapigaje majedwali kwenye ile mashine ya ofisini kwa wakili. Nikakueleza nilivyofundishwa. Huigusi mashine kabla hujasoma karatasi yote. Unatafuta neno refu kuliko yote katika kila safu, unahesabu herufi zake, unaipa kila safu haki yake. Kichwa unakiacha mwisho.

Kikombe chako kilisimama njiani. "Rudia hapo."

"Kichwa unakipima mwisho. Kikizidi upana wa safu, ile ziada unazigawia safu zote. Huwezi kuirundika kwa ya mwisho. Wakili atakurudishia karatasi."

"Hawa wameirundika kwa ya mwisho," ulisema polepole. Kisha ukainuka, ukanibusu kwenye paji la uso, ukaacha chai ikipoa. Nilikunywia mimi.

Kiraka chako, maana ndivyo mlivyoyaita marekebisho hayo, kilikuwa mistari kumi na moja tu. Ulinisomea yote. Sikuelewa hata mmoja, lakini niliusikia mkono wangu mle ndani. Ukakituma. Mtu wa huko mbali anayekagua kazi za wenzake akajibu kwamba ni kizuri, ila hakiwezi kuingia bila jaribio: ukurasa mdogo unaolionyesha kosa lenyewe, ili mashine iupime kila mara na kosa lisirudi kimyakimya.

Wiki hiyo ndiyo ulianza kukohoa.

Pale wodini ulikuwa bado unaliwaza lile jaribio. "Nikitoka hapa nitawajibu. Ni test moja tu, Mum. Ni kitu ya dakika kumi."

Nami nikakuambia, "Hiyo inaweza kungoja. Lala."

Ukalala. Maneno yale nimeyabeba tangu siku hiyo. Najua si hayo yaliyokuua, ni mapafu. Lakini ndiyo ya mwisho uliyoyasikia kwangu ukiwa na akili zako, na yalikuwa maneno ya kukutoa kwenye kazi uliyoipenda.

Mwezi uliopita, Jumamosi mchana, rafiki yako Manjit wa ofisini alikuja. Alitoka kwao Loresho kwa gari la babake, akapotea mara mbili hapo Riruta, akafika na sufuria ya dengu aliyopika mamake, na kompyuta ndogo ya kubeba. Halafu akasema, "Auntie, kazi yake imebaki pale tu, inangoja test. Mimi naweza kuiandika. Lakini niliona nikiiandika bila wewe nitakuwa nimekosea."

Nikamuuliza jedwali liwe la nini. Akasema la chochote, mradi kichwa kiwe kirefu.

Wairimu, niliandika ile zamu yetu. Ulikuwa na miaka tisa nilipoipiga ofisini kwa wakili saa ya chakula, nikaibandika kwenye mlango huu kwa uji wa unga. ZAMU YA KUOSHA VYOMBO NYUMBANI KWETU. Jumatatu Mama, Jumanne Wairimu, Jumatano Mama, Alhamisi Wairimu, Ijumaa Sote. Uligoma. "Mbona Ijumaa ni sisi wote na vyombo ni vichache?" Nilikudanganya kwamba Ijumaa mimi huchoka. Ukweli ni kwamba nilitaka tu usimame karibu nami unisimulie wiki yako.

Nilipiga maneno, Manjit akaongeza alama zake, kisha akaufungua ukurasa kwa kivinjari cha zamani kisicho na kiraka chako. Ijumaa ikavimba vilevile. Simu yake ikalia, akatoka nje kuzungumza.

Nikabaki na lile jedwali lililopinda. Mwanangu, kwa miaka ishirini na sita ya kupiga taipureta sijawahi kuruhusu karatasi ya namna hiyo itoke mkononi mwangu. Manjit alikuwa amenionyesha alama ya kuongeza nafasi. Nikaanza kuzitia, moja moja, Jumatatu, Jumanne, nikihesabu kwa midomo, mpaka siku zote tano zikalingana sawasawa. Nikafurahi.

Manjit aliporudi aliinama, akatazama. "Auntie! Umeitengeneza!"

"Ndiyo. Ilikuwa imepinda."

"Si tunataka ipinde! Sasa ikinyooka hivi, hiyo mashine itajuaje kulikuwa na shida?"

Akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo, maana aliona amecheka kwenye nyumba ya msiba. Nami nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke. Nilicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, naye akanishika mabega.

Halafu nikazifuta zile nafasi zote, moja moja. Kila niliyoifuta, Ijumaa ilivimba tena kidogo. Nikauacha ukurasa umepinda, tukautuma.

Nilipokuwa nikizifuta niliona kwamba ndivyo nilivyokuwa nikijifanyia mwenyewe. Watu wakiniuliza habari, nasema njema. Kitanda chako nakitandika kila asubuhi. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mke wa mchungaji alinishika mkono akaniuliza, "Habari za siku nyingi, mama Wairimu?" Nikamwambia, si njema. Alinitazama, akakaa nami kwenye ukuta wa maua mpaka wote wakaisha kuondoka.

Yule mkaguzi aliuliza maneno ya kwenye jaribio ni ya lugha gani na yanasema nini, kwani wao huweka herufi tupu tu. Manjit akamwandikia: ni zamu ya vyombo, ya mama na binti yake; binti ndiye aliyetengeneza kiraka, naye amefariki; jaribio ameliandika mama. Siku mbili kimya. Nilidhani watatuambia tuyafute. Jumanne Manjit akanipigia simu. Kiraka chako kimeingia, kwa jina lako, na maneno yaachwe kama yalivyo.

Kwa hiyo haikungoja bure, mwanangu. Unisamehe kwa kusema ingoje.

Manjit anasema sasa kila wanapokiunda upya hicho kivinjari, mashine huipanga ile zamu yetu, jina langu na lako, ihakikishe Ijumaa haijala siku nyingine. Huko kwenye mashine hailiwi tena siku yoyote. Hapa kwangu bado. Ijumaa ni pana sana, Wairimu. Naanza kuiona tangu Jumatano.

Sasa jua limeshuka, na kwenye karai kuna sahani moja, sufuria na vikombe viwili, kwa maana nimekumiminia chai bila kufikiri. Nitaviosha. Leo ilikuwa zamu ya sote.

Huko uliko, ikifika Ijumaa, nikumbuke.

Mama yako