Kuku wa Mama Aliponyonyoka

Shauri Moyo, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako dada yangu Rebeka,

Nakusalimu mara nyingi kuliko mataruma ya reli kutoka hapa mpaka kwetu. Goti lako limepoa? Wapwa zangu wanakula vizuri? Sisi huku ni wazima. Mke wangu Mama Ayub ni mzima, na sauti yake ni nzima zaidi. Mimi mgongo wanisumbua kidogo, lakini nikikosa kazini siku moja mabehewa yanakataa kwenda. Msimamizi mwenyewe anajua hivyo, ingawa hajasema.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama, halafu nikakaa. Kwamba kideri kimepita kwetu kikamaliza kuku wote, na mbegu ya kuku wa marehemu mama imebaki kwa huyu mmoja niliyepewa siku tulipogawana vitu vyake. Unauliza kama anataga, na kama nitakuletea vifaranga Krismasi. Dada, nisamehe kwa kukaa miezi miwili bila kujibu. Siku barua yako ilipofika, huyo kuku alikuwa uchi.

Sifa zake wazijua. Nilikuandikia jinsi alivyomfukuza mbwa wa karani wa nyumba mpaka Gikomba, naye mbwa akarudi kwa njia nyingine kwa aibu. Na dereva mmoja wa treni alilishika yai lake kwa mikono miwili. Hayo ni kweli, ukipunguza kidogo. Lakini mwezi wa saba manyoya yalianza kuanguka, kwanza shingoni, kisha mgongoni, mpaka mkiani ukabaki unyoya mmoja tu. Akaacha kutaga. Akawa anajikunyata kwenye kona ya banda kama mgeni asiyekaribishwa.

Nikasema hiki ni kideri, kimemfuata hata huku. Nikamnywesha maji ya pilipili na shubiri, kama alivyokuwa akifanya mama. Chakula nikampunguzia, nikidhani tumbo la mgonjwa lataka kupumzika. Na kwa kuwa mwezi ule Nairobi ni baridi, nikakata mkono wa sweta yangu ya kazini, nikautoboa matundu mawili ya mbawa, nikamvalisha. Alilia, dada. Sijapata kusikia kuku akilia hivyo mbali na kisu.

Mama Ayub akatoka, akamtazama.

"Huyu anakufa. Niweke maji motoni, tumle kabla hajajifia."

"Hachinjwi huyu. Ni wa mama."

"Mama yako alichinja wangapi, na wewe ukila firigisi?"

Nikasimama tu mlangoni pa banda. Akaenda jikoni akarudi na kisu.

"Nilipougua malaria hukunisimamia hivi."

"Wewe hakuna aliyekujia na kisu."

Alicheka, lakini kisu hakukiweka chini.

Kelele zetu zikamleta Mama Wangari, jirani yetu wa ukuta mmoja, mjane anayeuza maharagwe Gikomba. Huyo amefuga kuku tangu akiwa msichana kwao Murang'a. Akainama.

"Nani amemvalisha huyu?"

Nikasema sijui. Mama Ayub akaninyooshea kisu.

"Wee mzee, huyu si mgonjwa. Anabadilisha manyoya." Akamvua ile sweta polepole, akanionyesha vijiti vidogo vimechomoza ngozini, kimoja kikitoka damu. "Haya ndiyo mapya. Yana damu ndani. Ukiyagusa ni kama kumgusa mtu jipu. Na chakula unampa?"

"Nimempunguzia."

"Sasa manyoya atayatengeneza na nini, na pilipili?"

Mama Ayub akauliza, "Na mayai?"

"Mwanamke hawezi kufuma nguo na kupika kwa mkono mmoja. Mpeni muda."

Kisu kikarudi jikoni. Mimi nikamwambia Mama Wangari kwamba nilijua, ila nilitaka kuona kama yeye anajua. Akanirudishia sweta yangu, akaenda zake.

Tangu siku hiyo namsagia dagaa wa omena, nachanganya na mashudu ya alizeti na unga uliolowa. Namkatia sukuma wiki, namwekea maji safi asubuhi na jioni. Wale kuku wangu wawili wengine nimewatenga kwa waya, maana walikuwa wakimdonoa pale palipo wazi. Kumshika nimekatazwa. Kwa hiyo nikitoka kazini nageuza ndoo, nakaa karibu naye, namwambia habari za kwetu. Ile ya kideri sijamwambia.

Siku moja nilimkuta Mama Ayub akimchambulia kichwa cha samaki. Akasema kilimponyoka.

Sasa amevaa, dada. Manyoya ni mekundu kuliko ya kwanza, na mtaa mzima nimewaambia nimemlea mimi. Kishungi kimeanza kurudisha rangi. Ila yai bado. Mama Wangari anasema litakuja, na jogoo wake mweupe ameshaanza kuzungukazunguka hapa. Basi mbegu ya mama itachanganyika na ya Murang'a. Nimefikiri sana juu ya hilo, nikaona mama hakuwahi kumfukuza mgeni.

Krismasi sitaleta vifaranga, wanakufa ovyo safarini. Nitamleta yeye mwenyewe, nimempakata, abaki kwako aangulie hapo alipoanguliwa. Mimi nitazoea.

Nisalimie shemeji, mwambie nasikia amepata cheo kanisani, anifutie dhambi mbili tatu. Nisalimie baba mdogo, na yule shangazi asiyesikia, umsalimie kwa nguvu. Wapwa zangu waambie mjomba wao hajazeeka.

Na wewe dada, nikikwambia ametaga kabla hujaliona yai, usiniamini. Lakini nikikwambia kwamba miezi hii miwili nimemkumbuka mama kila siku, hilo liamini kama lilivyo.

Ni mimi ndugu yako wa kuachiana ziwa,
Zablon