Piko Juu ya Wino

Kiuyu,
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu mpenzi Mbaruk,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Thuraiya na watoto, na kwamba mguu wa wifi haumsumbui tena. Sisi huku, kwa nje, hatujambo. Usishangae kuletewa karatasi zama hizi. Simu yangu anashika mume wangu Ashraf wiki ya pili sasa, anadai yake imeharibika. Bi Mwanawema anakuja hospitali Chake, nimemtilia barua kwenye mkoba wa dawa. Isome peke yako.

Nilikwambia kwamba Nusaiba, mwalimu wetu wa madrasa, anagombea udiwani. Mpinzani wake alikuwa shemeji yangu Jaribu, kaka wa Ashraf, basi nyumba yetu ikawa haikaliki. Jaribu aliwakusanya wanaume barazani akawaambia kura ya mke ni ya mumewe, na asiyeweza kumzuia mkewe avae kanga yeye. Ashraf akarudi amewaka. Akaniita mbele ya mama yake na Jaribu, akasema siku nitakayopiga kura, talaka zangu tatu ziwe zimepita, hana haja ya kurudia. Wala si mimi tu. Wiki ile waume wa mtaa huu waligawa talaka za namna hiyo kama tende za futari.

Nilichukia mno. Bibi yetu alipiga kura mwaka ule wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza, na babu mwenyewe ndiye aliyempeleka, akamshikia mtoto kwenye foleni. Sisi wajukuu wake leo tunatishwa nayo.

Siku ya uchaguzi ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, na kila mwanamke alikuwa na sababu ya kwenda kwenye mwani wake. Wanawake wakatoka na magunia kichwani. Wengi walipita kituoni kwanza, ndipo wakashuka pwani. Wino ule wa kidole kidogo hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu, lakini kwa Bi Mwanawema kulikuwa na harusi, basi jioni ile ile tukapakana piko vidole vyote kumi, weusi juu ya weusi. Tulicheka, kaka. Nusaiba akashinda kwa kura thelathini na moja, tukacheka tena.

Mawakala hatukuwafikiria. Wale waliokaa kituoni kwa niaba ya wagombea walikuwa na orodha, na kila jina likisomwa walitia alama. Vidole tulivificha, majina tukayaacha wazi. Jaribu amelichukua daftari la wakala wake, na tangu wiki iliyopita anapita nalo. Hapigi kelele. Anabisha hodi, anakaa, anakunywa kahawa, kisha anamfungulia mwenye nyumba ukurasa. Jumamosi alikuwa kwa jirani yangu Mize. Kabla ya alasiri Mize alikuwa njiani na godoro lake, wanawe wanne nyuma. Jana ikawa nyumba ya pili. Kisimani hatusemezani tena. Nyumba ya mdogo wake ameiacha mwisho, na ameagiza kwamba Ijumaa atakuja kula kwetu. Ashraf amekuwa mpole kupita kiasi, sijui ni kwa furaha yake au ameshaambiwa. Naogopa, kaka, hata kijiko kikianguka nashtuka.

Furaha ipi, utauliza. Basi nisikufiche. Nilipiga kura, na jina langu limo daftarini. Tangu siku ile mimi si mke wa mtu, nami nimenyamaza, nampikia, nalala naye, najiambia Mungu anajua nani aliyeanza kudhulumu. Uchaguzi una wiki tisa leo. Mimba, nesi ameniambia, ina wiki sita. Unajua tumeiomba miaka minane. Ashraf aliposikia alisujudu pale pale sebuleni, akalia, na jina ameshalichagua, la marehemu baba yetu.

Jaribu hatanitangulia. Alhamisi baada ya magharibi nitamwambia Ashraf mwenyewe. Wewe ndiye uliyenioza, basi njoo uwepo, na kabla ya kuja mwendee shehe unayemwamini. Usimuulize kuhusu kura. Ile ilikuwa haki yangu, na uchaguzi ukija nitapiga tena. Muulize mtoto huyu ni wa nani.

Wifi na watoto wape salamu zangu nyingi, na mama yake wifi umwamkie. Nawaombea nyote afya na amani.

Ni mimi mdogo wako,
Saada binti Matano