Sauti ya Binti wa Jirani

Alhamisi, 3 Aprili 2008

Nimetoka dukani mikono mitupu tena. Mara ya nne hii. Yule muuzaji mwenye ndevu siku hizi akiniona tu anavitoa vicheza muziki vyote vitatu bila kuulizwa, anavipanga kwenye kaunta na kurudi nyuma hatua moja.

Cheusi kina kioo na kinabeba nyimbo za kutosha kufika Luleå, kaskazini kabisa, na kurudi. Lakini kizito. Mfukoni kinagonga paja kila hatua. Kile cha bei rahisi kinatumia betri za kawaida, ila vitufe vyake ni punje za mchele, na kwa baridi hii nakimbia na glavu. Cha rangi ya fedha ni kidogo kama kiberiti, unakibana kwenye kola, vitufe vikubwa. Lakini hakina kioo, hujui wimbo gani unafuata. Muuzaji anasema ndiyo raha yenyewe. Sioni raha ya kutojua kinachofuata.

Nataka kimoja cha yote — cha kukimbilia, cha kupandia tramu, cha kuoshea vyombo. Nusu marathoni ni katikati ya Mei. Nimejiandikisha mwenyewe, na miaka yangu hamsini na minne, na kule kliniki ya meno nimeshawatangazia wote, hata wagonjwa. Kujitoa sasa ni kujidhalilisha.

Nimempigia Ylva kumwomba ushauri. Mwanangu huyu! Kasema nunua chochote, mama, ni kidude tu. Halafu akasema yuko kazini.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefanya jambo. Naliandika haraka kabla sijaanza kulipamba.

Saa nane na nusu mchana nilishuka chini kwenye chumba cha kufulia. Sikuwa na nguo. Nilishuka kukagua. Orodha ya zamu ilionyesha Ingemar wa ghorofa ya tatu asubuhi, kisha Sanela, yule mpangaji msichana wa chini, hadi saa nane. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya jengo, na nilitaka kuona kama msichana huyu hufagia na kusafisha chujio la mashine ya kukaushia. Nilikuwa na selotepu mfukoni. Karatasi ya kumkaripia nilishaiandika nyumbani.

Sakafu safi. Chujio safi, hakuna hata uzi. Niliudhika, nakiri.

Na pale kwenye meza ya kukunjia nguo, kidude. Cha rangi ya fedha, chenye kibanio! Hedifoni zimezungushiwa vizuri. Nikasema nitakipeleka juu, nibandike tangazo kwamba kimeokotwa. Nikakibana kwenye kola kupima uzito tu. Dukani hawakuruhusu kukimbia nacho, sasa mtu utajuaje?

Kiko kwenye droo ya vijiko. Kesho nakimbia nacho mara moja, halafu tangazo.

Jumapili, 6 Aprili

Si nyimbo peke yake.

Nilikuwa nimeingia bustani ya Slottsskogen, mvua ya theluji usoni, wimbo wa kwanza ukaisha — na sauti ya mwanamke ikanong'ona masikioni mwangu. Baba, sasa tembea polepole dakika mbili, pumua kwa pua. Nilisimama kama niliyefumaniwa. Wimbo mwingine ukaanza, wa taratibu. Kisha tena: sasa ongeza kidogo, baba. Usishindane na mtu, barabara haiendi popote.

Baba wa mtu, basi. Ni cha Ingemar. Mwaka jana alibebwa na gari la wagonjwa, moyo. Binti yake yuko mbali, mji wa Malmö.

Ningegeuza pale pale. Sikugeuza. Nilitembea aliponiambia nitembee, nikakimbia aliponiambia nikimbie. Karibu na bwawa la sili alisema: umeweza, baba, unaona? Nikalia. Mtu mzima, na suruali ya kubana ya kukimbilia, katikati ya watu na mbwa wao.

Ni lini mtu aliniambia nimeweza? Sikumbuki. Ylva amepiga jioni, dakika saba. Nilitazama saa.

Jumatatu, 7 Aprili

Ingemar amegonga mlango. Alikuwa anahema, ghorofa tatu kushuka na mbili kupanda hadi upande wetu. Akasema, "Jirani, nimesahau kile kicheza muziki changu chini, na hakipo. Wewe una lugha nzuri ya matangazo. Niandikie."

Ningesema kiko hapa, nilikuwekea. Maneno matatu! Droo ilikuwa nyuma yangu, mkono ungefika. Badala yake nikamuuliza kina rangi gani.

Kina rangi gani. Mungu wangu.

Nikaandika, na nimelibandika kwa selotepu ile ile: Kwako uliyechukua kisicho chako. Sote tunaishi chini ya paa moja. Kirudishe ukalale usingizi. Ingemar alisoma akasema nimeandika vizuri mno. Nimewahi kubandika matangazo mia hapa kuhusu baiskeli, takataka na viatu vya matope. Hili ndilo la kwanza nililojiandikia mwenyewe. Nyani haoni kundule, na mimi nimeliona, nikalifunika.

Jumatano, 9 Aprili

Rune wa ghorofa ya pili, mjumbe wetu wa kamati, amenivizia kwenye ngazi. Kwa kawaida hapa kila mtu husikiliza kwanza mlangoni hadi ngazi ziwe tupu ndipo atoke. Mimi leo nilisahau kusikiliza.

"Orodha unaijua wewe," akasema. "Ingemar katoka, kaingia yule mpangaji. Baada yake hakuna mtu. Sasa hiyo ni hesabu ngumu?"

Nikasema tusimwonee mtu.

"Nimemuuliza uso kwa uso. Anakubali kwamba alikiona! Eti alikiacha mezani mwenyewe atakifuata. Siku za mwizi arobaini, mwenyekiti. Na mkataba wake unaisha mwezi huu, unakuja kwetu kupigiwa kura. Mimi sinyooshi mkono."

Nilipaswa kusema nilikuwepo. Nilisema nina mkate kwenye tanuri. Sikuwa na mkate. Ikabidi nioke, asije akanusa.

Leo ni siku ya tano.

Jumamosi, 12 Aprili

Kilomita kumi na nne. Sijawahi. Nakibana ndani ya koti siku hizi, si kwenye kola, na nazunguka njia ya nyuma kwenye mapipa.

Kwa kutumia ni kizuri kuliko vyote, lazima niseme ukweli. Chaji siku nne. Glavu hazikisumbui. Na kutojua kinachofuata — muuzaji alisema kweli.

Nimeshajua maneno yake yote kwa moyo. Kuna mahali anakohoa kidogo kabla ya kusema. Mahali pengine mlango unafungwa nyuma yake na mtu anauliza kama mgonjwa amekula. Hospitali, nadhani. Sikutaka kufikiri zaidi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimenunua! Yule mwenye ndevu hakuamini. Cha fedha, kile kile, ila cha mwaka huu, chaji yake ndefu zaidi. Akaniuliza nini kimeniamulia. Nikasema nimekijaribu cha jirani. Uso ukanichoma hadi masikioni.

Sasa viko viwili mezani. Huwezi kuvitofautisha ila kwa mkwaruzo mmoja karibu na kibanio.

Alhamisi, 17 Aprili

Asubuhi kabla ya tramu ya kwanza nimepanda ngazi za upande wa Ingemar na soksi. Bahasha bila jina. Nikaisukuma kwenye tundu la barua mlangoni kwake, nikashuka mbio.

Nimempa kipya.

Nimejiambia: nani atalalamika akipewa kipya badala ya kikuukuu? Binti yake ataingiza nyimbo upya, mchana mmoja tu kazi imekwisha. Nimejiambia hivyo tangu jana usiku, nikajiambia tena kwenye tramu. Nilijua ninachofanya. Mkono haukukosea. Niliviweka viwili kwenye mwanga, nikatafuta mkwaruzo, nikakitia kile chenye mkwaruzo mfukoni mwangu.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemkuta Ingemar kwenye benchi la uani. Alinipungia mkono nikae. Alikuwa na kile kipya mapajani, amekitandikia leso kama kitu cha mgonjwa.

"Kimerudi," akasema. "Lakini si chenyewe. Hiki hakisemi kitu."

Nikasema pengine mwizi kaona aibu akanunua kipya. Nilisema hivyo! Kwa mdomo huu.

"Nyimbo si neno, jirani. Wiki ile nilipolazwa, madaktari hawakumwambia binti yangu kama nitatoka. Akakaa korido anarekodi, anifundishe kutembea. Anasema alinirekodia kwa sababu alihitaji kuamini nitatembea. Sasa utamwambia mtu arekodi hivyo tena? Hofu ile hana tena, ashukuriwe Mungu."

Tangu kipotee hajatembea. Anaogopa kuongeza mwendo bila kuambiwa.

Nilikaa naye nikitazama viatu vyangu vya kukimbilia. Nilitaka ardhi ipasuke. Alinishukuru kwa kumsikiliza.

Jumapili, 20 Aprili

Sanela alikuja na sahani ya pai ya jibini aliyoisokota mwenyewe. Hakuingia, alibaki kwenye zulia la mlangoni.

"Mama Barbro, sikuja kukuhonga," akasema, akacheka kidogo. "Rune kasema nikirudisha kitu chenyewe, mambo yataisha. Nikamwambia nitarudishaje nisichonacho? Kasema ndivyo wasemavyo wote."

Anamaliza masomo ya uuguzi mwezi wa sita. Wiki sita tu anazoomba. Akikosa kura hana pa kwenda, mji huu chumba husubiriwa miaka.

"Wewe hukagua kile chumba kila Jumamosi, kila mtu anajua. Hata siku ile nilifagia mara mbili kwa ajili yako. Hukukiona mezani?"

Hakuuliza kwa hila. Aliuliza kama mtu anayetafuta shahidi.

Nikasema, sikumbuki. Kisha nikasema, tutaona Jumanne. Macho yake yalibaki usoni kwangu kidogo zaidi ya ilivyo adabu ya hapa, akanipa ile sahani, akashuka.

Pai ni tamu. Nimekula yote nikiwa nimesimama. Najichukia.

Ylva alipopiga nilimwuliza ghafla: ukinirekodia sauti ya kunikimbiza, ungesema nini? Akauliza kama naumwa. Halafu akasema, "Ningesema punguza, mama. Daima unakwenda kama mtu anayefukuzwa." Tuliongea dakika ishirini na mbili. Sikumwambia. Nilikuwa karibu sana.

Jumanne, 22 Aprili

Saa kumi na moja na nusu jioni. Kikao ni kwangu, saa kumi na mbili. Ajenda ya nne: mkataba wa mpangaji. Tuko watatu — mimi, Rune, Ingemar. Rune amekataa kwa barua, kurasa mbili. Ingemar aliniambia uani kwamba hapendi kumwonea mtu, lakini orodha ni orodha. Kwa hiyo ni mimi.

Ningeweza kumwokoa Sanela kwa kunyamaza vizuri tu. Kusema ushahidi hautoshi, kumbembeleza Ingemar, tunyooshe mikono wawili kwa mmoja. Nimelifikiria hilo mchana kutwa kazini, nimempa mgonjwa mmoja miadi ya siku ya sikukuu. Abaki — lakini abaki mwizi. Kila akishuka na kapu lake la nguo mtu atoe hedifoni mezani.

Na Ingemar akae kwenye benchi.

Mikate ya mdalasini iko tayari, kahawa iko kwenye chupa. Vikombe vinne, nimemwambia Sanela naye apande. Kidude nimekiweka katikati ya meza. Nikakiondoa. Nikakirudisha, nikakifunika kwa kitambaa cha mikate. Nikaandika kwenye karatasi nitakavyosema: Mimi ndiye. Maneno mawili. Nimeyasema mbele ya kioo cha bafuni, sauti haikutoka, mdomo ulifunguka tu, kama wa samaki.

Najijua. Wakiketi hapa nitauliza nani anataka maziwa.

Saa kumi na mbili kasoro tatu. Nimesikia mlango wa chini. Rune anamwambia mtu angalia ngazi, zimelowa.

Nimeondoa kitambaa. Nimekiwasha, nikaongeza sauti hadi mwisho, nikaziacha hedifoni kwenye sahani katikati ya mikate. Ajabu, inasikika hadi hapa nilipokaa. Nyembamba, lakini inasikika. Amekohoa kidogo. Baba, sasa ongeza mwendo.

Kengele.

Rune anaita kwenye tundu la barua, "Mwenyekiti, umo?" Nimeitika kwamba nimo. Nyuma yake namsikia Ingemar akihema kwa ngazi, kisha simsikii. Ameacha kuhema. Anasikiliza.

Bado sijafungua.