Programu Yangu Huanguka Mutie Akiwa Zamu

Mpendwa mshauri Rachael, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa kwa sababu nimechanganyikiwa kabisa, mimi ni fundi wa kompyuta kwenye kiwanda kimoja hapa Thika, na niliandika programu kwa lugha ya C ya kusajili vibarua na kuwachapishia kadi, ikakompailiwa, yaani ikageuzwa lugha ya mashine, bila onyo hata moja, nikiijaribu mwenyewe inaenda vizuri, lakini mwenzangu Mutie akiketi hapo, punde inazima na kuandika "Segmentation fault", tena huzima kwenye kuchapisha kadi, sehemu niliyoisoma mara mia nisione kosa. Nilimuuliza anafanya nini akasema, "Warigia, mimi naandika tu jina ya mtu. Sijagusa kitu ingine." Sikumwamini kwa sababu kazi hii aliitaka yeye nikaipata mimi, nikakaa kando yake siku nzima nikimwona anaandika polepole kwa adabu zake, Mama Kamene wa Witeithie, Baba Nzau wa posho mill, yule wa kinu cha unga, hakuna ubaya wowote, kisha ikazima. Bosi wetu Gachau anataka Ijumaa nimpe jina la anayeharibu, amfute kazi. Nimpe la Mutie?

Warigia, Thika

Warigia, pole, lakini umeniudhi. Jibu umeliandika mwenyewe ukalipita.

Mimi niliandika programu miaka tisa kabla ya kujibu barua. Jina ulilitengea herufi ngapi? Nadhani ishirini. Wewe ukijaribu unaandika "Wanja" unaridhika. Mutie anawaandika watu wanavyoitwa, maana akina Kamene hapo ni wengi na mtu mzima haitwi kwa jina lake tupu. Hesabu "Mama Kamene wa Witeithie": ni nafasi ishirini na nne. C haikukatazi. Zinazozidi zinamwagikia kumbukumbu ya jirani na kuharibu anwani inayoonyesha ile kadi iko wapi kwenye kumbukumbu. Programu haijui, inaendelea. Ikifika kuchapisha, inafuata anwani mbovu hadi mahali isiporuhusiwa, na kompyuta inaizima. Ndiyo maana unatafuta kosa pale lilipoonekana, na lilifanyika mapema.

Kesho kompaili upya ukiwasha ukaguzi wa kumbukumbu, uandike jina hilo la Mama Kamene. Utaonyeshwa mstari wenyewe. Weka kikomo unaposoma jina. Kuongeza nafasi tu hakutoshi, kuna mwenye jina refu zaidi anakuja.

Halafu mwombe Mutie msamaha akiwa bado ana kazi. Ulikuwa karibu kumfukuzisha kwa kuwa na heshima.

Ijumaa Gachau akitaka jina, mpe Warigia. Lina herufi saba tu, litatoshea.