Mkasi Wangu na Amri ya Usiue

Jumatatu, 3 Machi
Mchungaji kaja kujaribu joho lake jipya. Nina pini mdomoni, siwezi kujibu, naye akaanza kunifanyia mazoezi ya mahubiri ya Jumapili. Amri ni usiue. Nikafurahi—hapo mimi msafi! Hata kuku sijawahi kuchinja, namwachia Baba Watoto. Mara akaendelea: Yesu hakuja kuifuta sheria ya zamani, alikuja kuitimiza. Kwa hiyo aliyemkasirikia ndugu yake, akamtukana, naye ana kesi. Nikamchoma pini ubavuni. Bahati mbaya. Nadhani.

Jumanne, 4 Machi
Sina hasira na mdogo wangu. Hatuongei tu. Miezi minane. Ua mmoja, kamba ya nguo moja—mimi naanika asubuhi, yeye mchana. Alichukua mkasi wangu wa kitambaa akakatia mapezi ya samaki. Mapezi! Fundi yeyote atanielewa: mkasi wa kitambaa hukatii hata karatasi, unapoteza makali. Nikamwita mpumbavu mbele ya wateja, nikamwambia asikanyage tena kibandani kwangu. Na kweli hajakanyaga. Mtiifu ghafla!

Jumatano, 5 Machi
Nimemaliza kutarizi kitambaa cha meza ya Bwana, sadaka yangu ya Jumapili. Mchungaji kapita kukiona. Akasifu weee, kisha akakigeuza upande wa ndani. Jamani! Huko nyuzi zimesokotana ovyo. Akasema Yesu naye alifanya hivyo hivyo: amri ni ile ile, ila kaigeuza tuone ndani. Eti tena ukileta sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, iache hapo hapo, nenda mkapatane kwanza.

Nikauliza kama kitambaa kinahesabika sadaka au ni kazi ya mikono tu. Akacheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata njia! Nimemtuma Baba Watoto avuke ua, amwambie mdogo wangu nimemsamehe. Karudi upesi. Eti kauliza: kwani nani kaomba msamaha? Nikawaka. Baba Watoto akasema taratibu, mke wangu, sheria unaishika kwelikweli, umeikaba koo.

Halafu ndipo akaniambia. Kule ndani maboksi yamejaa. Mdogo wangu anahama Jumatatu, mumewe kapata kazi mbali.

Nimeshona zipu ya sketi ya watu nyuma mbele. Nimefumua, nikaishona vile vile tena.

Jumamosi
Nammisi. Basi, nimeandika.

Jumapili, 9 Machi
Naandika sebuleni kwa mdogo wangu, kati ya maboksi. Daftari halibanduki mkobani.

Nimetoka ibadani katikati ya sadaka! Nimefika mbele, nimekiweka kitambaa, miguu ikageuka yenyewe. Mzee wa kanisa akaninong'oneza kwamba choo kiko kulia. Nikarudi nyumbani, nikavuka ua na viatu vya ibada, nikamkuta mdogo wangu anafunga vyombo kwenye magazeti. Hotuba yote niliyoandaa ikapotea. Nikasema tu, "Mdogo wangu, nilikutukana mbele za watu. Nisamehe."

Akanitazama. "Dada! Kumbe hilo neno unalijua!"

Tukacheka, tukalia, makamasi mpaka kwenye blauzi. Akaingia chumbani akatoka na mkasi. Mpya, mzito, una ala yake. Kumbe aliununua wiki ile ile ya samaki, akawa anangoja nivuke ua. Miezi minane! Mpumbavu alikuwa nani sasa? Nimeujaribu kwenye pindo la pazia lake. Unateleza wenyewe.

Yuko jikoni anatutengenezea chai. Namsikia anapambana na pakiti ya maziwa kwa meno. Haifunguki. Sasa kasimama mlangoni, pakiti mkono mmoja, mwingine kaunyoosha kwangu.

"Dada, niazime huo mkasi mara moja."

Anangoja. Naandika polepole.