Beseni la Kizungu

Baba Wayua,

Uji umefunikwa jikoni. Kuku wafungie kabla ya giza.

Nimempeleka mama yako Gatongora, kwa dada yangu Kanini. Pesa tulizoweka tangu mavuno zilikuwa za simenti ya bafu, na wiki jana tu mama aliteleza kwenye matope ya bafuni akaumia kiuno. Leo asubuhi ukaleta beseni la kizungu la kuogea kwa mkokoteni, ukasema bwana wa shamba amekuuzia kwa pesa hizo, bei ya urafiki, kisha ukaenda kazini unapiga mluzi.

Nimelisugua. Limetoa manyoya, na harufu sitaieleza. Kaleli, mpishi wa bwana huyo, aliyekusaidia kulisukuma akabaki kunywa chai, akacheka: "Mama Wayua, humo tulikuwa tunaogesha mbwa." Nimetapika nyuma ya nyumba.

Mama yako hakukasirika. Alisema tu, "Mwambie mwanangu mimi si ng'ombe wa kuogeshwa kwenye josho."

~~Lala humo humo.~~ Blanketi safi liko kitandani.

Beseni lirudishe leo, hata kwa nusu bei, ununue simenti. Mama atarudi sakafu ikikauka. Na mimi pia.

Mama Wayua