Salamu Kabla ya Kipimo

Hooyo,

Naanza na salamu, mama yangu, maana bila salamu najua hutanisikiliza. Huko uliko ni amani? Sisi hapa ni amani. Mvua imenyesha Sangailu, Kotile bado wanaangalia mawingu. Yule ngamia wako mwekundu amezaa jike, na bado anampiga teke kila anayemkaribia isipokuwa habaryar Halima. Huyo mdogo wako ana mikono kama yako, hata ngamia amedanganyika.

Haya, sasa nikuambie. Bado nina hasira na wewe. Nilidhani nikishalia itaisha, haikuisha. Nikipita upande wa soko la mifugo hapa Garissa nakiona kile kiti cha plastiki chini ya feni, kwa Abdi wa duka la dawa, na hasira inarudi. Ulikipenda kile kiti. Abdi akikuona mlangoni anainuka, anakuuliza nyumbani ni salama, malisho yakoje, nani ameoa. Ukishamjibu yote ndipo anauliza ugonjwa. Unamwambia tumbo linawaka, naye anakudunga sindano na kukupa ile chupa ya dawa nyeupe. Ulitoka pale unatabasamu. "Nimepona nusu," uliniambia kila mara. Na nyumbani nyama ilikuwa haipiti kooni. Baadaye hata mkate laini wa anjera ukakataa. Mwisho hata maziwa.

Mimi ndiye niliyekupeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, na tulipoingia, yule daktari kijana kutoka bara hakuinua kichwa. Aliniuliza mimi, si wewe, kama unameza. Nikamwambia chakula kinakwama. Akakubonyeza shingo bila neno, akaandika kipimo cha kamera, ile inayoshushwa kooni, akasema nikurudishe Alhamisi hujala wala kunywa. Kisha akaita mgonjwa mwingine. Lakini Hooyo, aliona. Kwa swali moja aliona kitu ambacho Abdi hakukiona kwa miezi.

Wewe ulikuwa umeshanuna. Kule nje ulisema kwa Kiswahili chako, makusudi, ili benchi lote lisikie: "Ile daktari iko na kalamu, salamu hakuna. Mimi si mbuzi ya soko, mtu anashika shingo na hasemi kitu." Watu walicheka, na mimi nilicheka. Alhamisi nilipokuja kukuchukua nilikukuta umeshakunywa chai. Uliinywa kidogo kidogo huku inakuumiza, ili kipimo kisifanyike. Mchana ukarudi kwenye kiti chako.

Siku ulipokubali kurudi hospitali ulikuwa umebaki mifupa na shuka. Tukaambiwa ni saratani ya koo, na tumechelewa. Abdi alikuja mazikoni. Kaka zangu wanasema alilia kuliko wao. Sijui nimfanye nini mtu kama huyo. Alikupenda kweli, na hakujua alichokuwa anakitibu.

Juzi habaryar Halima alikuja mjini. Anasema kifua kinawaka, anataka sindano kwa Abdi, kwa sababu wewe ulimsifia sana. Nilimtazama akila. Kila tonge alilisindikiza kwa maji, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Nikampeleka kwa daktari yuleyule. Tulipoingia tu, kabla habaryar hajaketi, nilisema: "Daktari, mama yangu ulimwandikia kipimo, akakataa kwa sababu hukumsalimu. Amekufa. Huyu ni mdogo wake. Msalimie kwanza."

Nilitarajia anifukuze. Aliweka kalamu chini. Hakukukumbuka, Hooyo, niliona usoni kwamba anakutafuta na hakupati, na hilo liliniuma sana. Kisha akasimama, akauliza kama ni amani. Habaryar akajibu ni amani. Daktari akakwama, akanitazama. Nikamwambia muulize mvua, akauliza mvua. Nikamwambia muulize ngamia, akauliza ngamia. Aliuliza kwa kusitasita, nami natafsiri, lakini aliuliza, na habaryar akamweleza visa vya yule mwekundu mpaka daktari mwenyewe akacheka. Halafu habaryar, bila kuulizwa, akashika koo lake akasema nyama imeacha kupita tangu kiangazi. Mimi hakuwa ameniambia. Watoto wake hawajui. Alimwambia yeye.

Kipimo amefanyiwa. Asubuhi ile hakugusa chai. Majibu bado hayajatoka, na ninaogopa, sitakudanganya. Nakuahidi nitaingia naye siku ya kuyachukua, na nikimkuta daktari mwingine, naye nitamwambia hivyohivyo. Wakiniita mkorofi, sawa, nimezaliwa na wewe.

Nakuaga sasa, Hooyo. Nabad gelyo. Mungu akupanulie kaburi lako na akuonee huruma kuliko tulivyokuonea sisi. Zile salamu zote za daktari na habaryar ziliisha kwa muda ambao hata maji ya chai hayajachemka. Ni hizo tu ulizozikosa.

Binti yako,
Sahra